Sufuria Kuukuu: Inavyochakaa, Inavyotumika Tena na Risasi Inayoweza Kujificha Ndani Yake

Sufuria ya alumini ndicho chombo cha kupikia kinachoonekana zaidi jijini Lilongwe na katika kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, kilomita 45 hivi kaskazini mwa jiji hilo. Ni nyepesi, hupata moto upesi, haishiki kutu, na bei yake ni nafuu kuliko ya chuma cha pua. Zipo za aina mbili, na ni muhimu kuzitofautisha. Ya kwanza ni ya kiwandani: bapa jembamba la alumini hukandamizwa kwa mashine mpaka liwe sufuria laini yenye ukingo uliokunjwa. Ya pili ni ya kusubu: fundi huyeyusha vyuma chakavu, humimina uji wake kwenye kalibu ya mchanga, kisha hutoa sufuria nene, nzito, yenye vitundu vidogovidogo na michirizi ya tupa. Wanaopikia watu wengi huipenda hii ya pili kwa sababu haibonyei na haiunguzi ugali kirahisi. Hiyohiyo ndiyo inayohitaji kuangaliwa zaidi.

Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, ikikusudiwa kuhifadhi watu 10,000 hivi. Sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini, na familia nyingi zilirudi na kile tu zilichoweza kubeba. Mahali kama hapo sufuria haitupwi hovyo. Mama humpa binti anayeolewa. Anayehamia nchi ya tatu humwachia jirani. Sufuria ikipitia mikono mingi hivyo, hakuna tena anayejua ilitengenezwa wapi na kwa metali gani.

Alumini hujilinda yenyewe. Ikigusana na hewa, mara moja hutandwa na utando wa oksidi usioonekana kwa macho, na utando huo ndio unaozuia metali isiingie kwenye chakula. Sufuria inayochemshiwa maji mara kwa mara hugeuka kijivu au nyeusi upande wa ndani. Weusi huo si uchafu wala hauna madhara. Ni utando uleule, umezidi unene, na sufuria yenye weusi huo hutoa metali kidogo kuliko ile inayong'aa.

Asidi huula utando huo: nyanya, ndimu, ukwaju, uji uliochachishwa. Alkali nayo huula, jambo ambalo wapishi wengi hawalijui. Katika nyumba za Lilongwe therere, yaani bamia, hupikwa kwa soda au kwa chidulo, yaani maji yaliyochujwa kwenye jivu, ili ivute vizuri. Magadi nayo hutiwa kwenye maharage makavu yaive haraka na kuokoa makaa. Chumvi ikilala ndani ya sufuria usiku kucha hutoboa vishimo vidogo, na vishimo hivyo ndivyo vinavyokuwa matundu baada ya miezi. Juu ya yote kuna kusugua. Jivu, mchanga na waya wa kusugulia huondoa utando wote na kuiacha metali tupu, tayari kwa mchuzi wa nyanya wa siku hiyo. Sufuria zinazometameta juu ya kichanja ni heshima ya nyumba, na upande wa nje hakuna ubaya kuzing'arisha. Ndani panatosha kuoshwa kwa sabuni, maji ya moto na kitambaa.

Kiasi cha alumini kinachoingia mwilini kwa njia hiyo si jambo la kupuuzwa. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa FAO na Shirika la Afya Duniani iliweka mwaka 2011 kikomo cha miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa wiki, sawa na miligramu 120 kwa mtu wa kilo 60. Mwenye figo nzima huitoa sehemu kubwa kwa mkojo. Mwenye ugonjwa wa figo hawezi, na kwake sufuria ya alumini haifai kabisa kwa vyakula vichachu. Hata hivyo, alumini si tatizo kubwa kuliko yote katika sufuria kuukuu.

Sufuria ikitoboka, kwanza hupelekwa kwa fundi. Kibonyeo hunyooshwa kwa nyundo, mkono uliong'oka hugongwa upya kwa ribiti, na tundu dogo huzibwa kwa ribiti bapa ya alumini iliyofinywa pande zote mbili. Ukarabati wa namna hiyo hauna kasoro. Hatari ni tundu linapozibwa kwa lehemu. Lehemu ya kawaida ya mafundi wa redio na rejeta ni mchanganyiko wa bati na risasi, na risasi hiyo mara nyingi hukaribia nusu ya uzito wake. Kiraka cha ukubwa wa ukucha, kikiwa chini ya maharage yanayochemka kwa saa tatu, kinatosha kuifanya sufuria iliyokuwa salama iwe ya sumu. Sufuria iliyolehemiwa isipikiwe tena.

Isiyofaa kupikia bado ina kazi. Hubeba majivu na makaa, hupimia mahindi makavu sokoni, huogeshea, hukusanyia vigae na misumari wakati wa kujenga. Ikitobolewa chini huoteshea miche ya miti na maua. Jambo la kuepuka ni kuigeuza chombo cha kunyweshea kuku au mbuzi ikiwa ni ya kusubu au iliyolehemiwa, kwa kuwa kilichomo ndani yake hupitia kwenye yai na maziwa kurudi kwa watu. Pia isichachushiwe togwa, wala isilazwe na maji ya kunywa.

Vyombo visivyo vya alumini vina hukumu zake. Bakuli na sufuria za enameli, zile nyeupe zenye maua, hufaa mpaka pale rangi ya ndani inapobanduka; rangi nyekundu, machungwa na njano za enameli ya zamani zinaweza kuwa na kadimiamu. Ndoo ya mabati hubeba maji bila shida, lakini kinywaji kichachu kikihifadhiwa humo huyeyusha zinki na kutapisha watu. Makopo ya mafuta ya msaada ya lita nne, ambayo kambini hugeuzwa jiko, kibaba au karai, hayafai kuchemshiwa chakula, kwa sababu bati lake ni jembamba na rangi ya nje huungua. Kopo lililobeba rangi au dawa ya kuulia wadudu halina matumizi yoyote jikoni, hata likioshwa mara kumi.

Kikaango chenye utando mweusi usioshika chakula ni kisa kingine. Utando huo wa plastiki huanza kuharibika joto likipita nyuzi 260 hivi za Selsiasi, na kikaango kitupu juu ya mbaula, yaani jiko la mkaa, yenye makaa mekundu hufika hapo kwa dakika chache. Moshi wake huua ndege wa kufugwa na huweza kumletea mtu homa na kubanwa kifua. Vipande vinavyobanduka na kumezwa hupita tumboni bila kuyeyuka, lakini kikaango kilichokwanguka hakifai kurudishwa motoni. Wala kisitupwe kwenye tanuri la kuyeyushia alumini pamoja na vingine, kwa kuwa utando ukiungua hutoa gesi kali anayoivuta fundi mwenyewe.

Sufuria ya chuma ndiyo inayozeeka kwa heri. Kutu yake husuguliwa, ndani hupakwa mafuta na kuchomwa, nayo hurudi kazini hata baada ya miaka mingi. Chuma kidogo kinachoingia kwenye chakula kina faida kwa wenye upungufu wa damu. Jambo hilo limewahi kujaribiwa Malawi kwenyewe: utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulizigawia kaya za vijijini, katika eneo lenye malaria nyingi, sufuria za chuma au za alumini. Watu wazima waliokula mara kwa mara chakula cha sufuria ya chuma waliongezeka damu baada ya wiki sita. Kilichokwamisha ni uzito na kutu, na baadhi ya kaya ziliziacha.

Alumini iliyochoka kabisa, kwa kawaida, haifiki jalalani. Dampo la jiji la Lilongwe lililoko Area 38 hupokea takataka za kila aina, lakini sufuria hunyakuliwa njiani kabla ya kufika huko, kwa sababu alumini ina mnunuzi. Vijana huzunguka na magunia wakinunua vyuma chakavu kwa kilo, huviuza kwa mwenye mzani, naye huvipeleka kwa mafundi au kwa wafanyabiashara wakubwa. Kwa mazingira hiyo ni biashara njema. Kuyeyusha alumini kuukuu hutumia takriban asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kuitoa kwenye mawe ya boksiti, na metali hiyo inaweza kuyeyushwa tena na tena bila kuharibika. Tatizo halipo kwenye kuyeyusha. Lipo kwenye lundo, kabla moto haujawashwa.

Kwenye mzani, kilo ya alumini ni kilo. Sufuria ya kiwandani iliyotoboka hulala pamoja na pistoni, vipande vya injini, giaboksi, fremu za madirisha, rejeta zenye viungo vya lehemu na mabati yenye rangi ya zamani. Vipande vya risasi vinavyobalansi magurudumu ya gari na vichwa vya nyaya za betri hujichanganya humo bila mtu kukusudia, hasa pale wauza vyuma wanapokaa ubavuni mwa gereji. Rangi nayo ina mchango wake: uchunguzi wa mwaka 2021 wa shirika la LEEP, linalopigania kuondolewa kwa risasi, ulikuta risasi nyingi katika zaidi ya nusu ya rangi za mafuta zilizopimwa Malawi, na baada yake Shirika la Viwango la nchi hiyo, MBS, likaahidi kusimamia kikomo cha sheria.

Kazi ya kusubu inahitaji ustadi kweli. Fundi huchukua sufuria nzima kama kielelezo, huishindilia mchanga wenye unyevu ndani na nje katika fremu mbili za mbao, kisha huitoa taratibu na kuacha uwazi wenye umbo lake. Pembeni, karai la chuma limekaa kwenye makaa yanayopulizwa na feni au gurudumu la baiskeli. Alumini huyeyuka ikifika nyuzi 660. Fundi hukwangua povu la uchafu juu, hunyanyua karai kwa koleo ndefu na kumimina kwa mkupuo mmoja bila kusita, maana akisita sufuria hutoka na ufa. Baada ya dakika chache mchanga huvunjwa, na kinachobaki ni kukata mabaki na kupiga tupa. Kazi hii hufanywa katika miji mingi ya Afrika, nayo inalisha familia nyingi.

Wengi huamini kwamba moto huo husafisha kila kitu. Hausafishi risasi. Risasi huyeyuka mapema, kwenye nyuzi 327, lakini haichemki mpaka nyuzi 1,749, joto ambalo jiko la makaa la fundi halilifikii. Risasi na alumini havichanganyiki vizuri: sehemu kubwa ya risasi huzama chini ya karai, ila nyingine hubaki imesambaa kama vitone vidogo mno ndani ya metali. Havionekani, havinuki, havibadilishi ladha ya chakula. Alumini inapoliwa na nyanya au magadi, vitone vipya hufunuliwa, na kila kusugua hufunua vingine.

Ushahidi wa jambo hili umekusanywa kwa miaka kadhaa. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani na Kamerun walichapisha vipimo vya vyombo 29 vya alumini vilivyonunuliwa Kamerun. Walichemsha ndani yake asidi hafifu kama ya siki kwa saa mbili, wakapima kilichotoka: risasi ilifika hadi mikrogramu 260 kwa mlo mmoja wa mililita 250. Kwa kulinganisha, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani huchukulia mikrogramu 2.2 kwa siku, kutoka vyakula vyote, kuwa kiwango cha tahadhari kwa mtoto. Mwaka 2017 watafiti haohao walipima vyombo 42 kutoka nchi kumi, Kenya na Tanzania zikiwemo. Vingine vilitoa kadimiamu na aseniki pia. Sufuria moja ya Vietnam ilitoa mikrogramu 33 za risasi katika jaribio la kwanza, 1,126 katika la pili, na 1,426 katika la tatu. Maana yake ni kwamba sufuria ya namna hiyo haitakasiki kwa kuzeeka. Inaweza kuzidi kuwa mbaya kadiri uso wake unavyoliwa. Imani kwamba sufuria ya bibi iliyopika miaka ishirini "imeshatoa sumu yake yote" haina msingi.

Uchunguzi mwingine unawahusu wakimbizi moja kwa moja. Maofisa wa afya wa King County, jimbo la Washington nchini Marekani, waliwakuta watoto wa Afghanistan waliohamishiwa huko wakiwa na risasi nyingi katika damu. Walipopima vyombo ambavyo familia zilikuja navyo, sufuria za alumini, zikiwemo za presha, zilitoa risasi kwa wingi. Za chuma cha pua zilitoa kidogo mno. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022, na miaka miwili baadaye jimbo hilo likapitisha sheria ya kuzuia vyombo vya kupikia vyenye risasi. Mwaka 2023 shirika la Pure Earth lilitangaza vipimo vya bidhaa zaidi ya 5,000 kutoka masoko ya nchi 25, Kenya, Tanzania na Uganda zikiwa miongoni mwake: zaidi ya nusu ya vyombo vya metali vya chakula vilipita kikomo cha risasi kilichotumika.

Ndani ya mwili risasi hujifanya kalisi. Huingia kwenye mifupa na kukaa humo kwa miaka, na mwanamke anapopata mimba hutoka tena kwenye damu na kumfikia mtoto tumboni. Hushusha damu, huumiza figo, hupandisha shinikizo la damu kwa watu wazima. Kwa mtoto mdogo huathiri ubongo unaokua: uwezo wa kujifunza, kutulia na kukumbuka hupungua, bila homa wala upele wa kumshtua mzazi. Mtoto hunyonya risasi mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, na mwenye upungufu wa chuma au kalisi hunyonya zaidi. Katika kambi ambako mgao hautoshelezi na watoto wengi wana upungufu wa damu, kiasi kilekile cha risasi hudhuru zaidi kuliko kwingine. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Njia ya uhakika ya kupunguza hatari hii ni kutenganisha lundo. Sufuria za kiwandani, vifuniko na sahani zisizo na rangi ziwekwe kwenye gunia lake, na hilo pekee ndilo liyeyushwe kuwa sufuria mpya. Pistoni, giaboksi, rejeta na sufuria za kusubu za zamani ziende kwenye lundo la pili, litengenezwe vitu visivyogusa chakula: vitasa, miguu ya viti, vipuri vya mashine, nondo za madirisha za mapambo. Gharama yake ni gunia moja la ziada na mnunuzi anayekubali kulipa tofauti kidogo kwa alumini safi. Anayeshika gunia hilo ana nguvu kubwa kuliko daktari, kwa sababu risasi ikishaingia kwenye sufuria hakuna anayeweza kuitoa. Vyama vya mafundi, uongozi wa kambi na MBS ndio wanaofaa kulisimamia jambo hili, pamoja na kupima sufuria sokoni kwa kifaa cha mionzi ya eksirei kinachoshikwa mkononi na kutoa jibu kwa dakika moja bila kuharibu chombo.

Mpaka hapo, nyumba yenye sufuria ya kusubu isiyojulikana asili yake ina la kufanya. Mboga za nyanya, sombe (kisamvu) lililotiwa ndimu, therere la soda na uji wa mtoto vipikwe kwenye chuma cha pua, chuma cha kawaida, au chungu cha udongo kisichopakwa vanishi. Nyumba yenye sufuria moja tu ya chuma cha pua, kama zile zinazotolewa kwa wakimbizi, iitengee chakula cha watoto na cha mjamzito. Ile ya kusubu ibaki kwa kazi fupi zisizo na uchachu, ugali usongwe kwa mwiko wa mti badala ya kijiko cha chuma, na chakula kisilazwe ndani yake. Kuchemsha maji mara kadhaa na kumwaga hakuondoi risasi.

Mtoto aliyelishwa kwa muda mrefu kutoka sufuria inayoshukiwa hupimwa damu, na kipimo hicho ndicho pekee kinachothibitisha. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba kikionyesha mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita moja ya damu, chanzo kitafutwe na kuondolewa, na mtoto apewe chakula chenye chuma na kalisi ya kutosha: dagaa kama usipa, mboga za majani, maharage, maziwa yakipatikana. Dawa za kutoa risasi mwilini hutolewa hospitali tu, kwa viwango vya juu sana. Nchini Marekani watoto wakimbizi wa miezi 6 hadi miaka 16 hupendekezwa kupimwa wanapowasili, na wadogo kurudiwa kipimo baada ya miezi mitatu hadi sita. Familia zinazoondoka Dzaleka zinaweza kuacha sufuria ya kusubu nyuma, lakini kumwachia jirani mwenye watoto wadogo ni kumhamishia hatari. Afadhali iende kwenye lundo la pili.